Hakuna Matata: Muundo, Maana na Safari ya Usemi wa Utamaduni Pendwa

Ikisiri

Usemi hakuna matata ndio pengine usemi wa Kiswahili unaofahamika zaidi kwa watu wasiojua Kiswahili. Pamoja na umaarufu huo, wazungumzaji wengi wa lugha hii, hasa Tanzania, huutazama kwa shaka na kuuita "Kiswahili cha watalii". Makala haya yanachunguza muundo wa usemi huo, maana yake katika mazungumzo ya kawaida, na hatua ulizopitia tangu jukwaa la muziki wa hotelini pwani ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 na usajili wake kuwa alama ya biashara nchini Marekani mwaka 2003. Hoja kuu ni kwamba maneno ya usemi huu ni ya Kiswahili bila shaka yoyote, ila kilichobadilika ni kazi yake: umetoka kuwa jibu analopewa mtu aliye mbele yetu, ukawa jina la mtazamo wa maisha. Makala yanahitimisha kwa kuonesha umuhimu wa tofauti hiyo kwa ufundishaji wa Kiswahili kwa wageni.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wa kigeni aliyekuwa akijifunza Kiswahili alimtembelea mama mwenyeji wake akamkuta amejiinamia. Mazungumzo yao, kama mwanafunzi mwenyewe alivyoyasimulia darasani, yalikuwa hivi:

(1) Mwanafunzi: Shikamoo mama.
Mama: Marahaba mwanangu. Leo hatujaamka vizuri, tumefiwa na mdogo wangu.
Mwanafunzi: Oo, mama. Hakuna matata.

Mama yule hakukasirika. Alinyamaza kidogo, kisha akamkaribisha mgeni wake aketi. Mwanafunzi alipoeleza kisa hiki alitaka kujua kosa lake ni lipi, maana aliamini kuwa amemfariji. Sarufi yake haikuwa na kosa. Alichokosa ni pole, neno ambalo mtoto wa miaka mitatu katika nyumba ile angelitamka bila kufundishwa.

Kisa hiki kinatukumbusha kuwa swali la maana ya hakuna matata haliishii kwenye udadisi wa filamu na nyimbo. Wanafunzi wetu wengi huja darasani wakiwa tayari na usemi huu kichwani, na mara nyingi sisi walimu huwajibu kwa njia ya mkato kwamba "Waswahili hawasemi hivyo". Jibu hilo halitoshi, na kama itakavyoonekana, si kweli. Makala haya yanajaribu kutoa jibu kamili zaidi. Mifano ya mazungumzo isiyotajiwa chanzo imetungwa na mwandishi akiwa mzungumzaji wa Kiswahili.

2.0 Muundo wa Usemi

2.1 Hakuna

Neno hakuna lina mofimu tatu: kiambishi kikanushi ha-, kiambishi cha mahali ku-, na mzizi -na unaobeba dhana ya kuwa na kitu. Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali, ambavyo vyote huweza kuingia katika muundo huu na kutupatia hapana, hakuna na hamna. Kwa asili, hapana hukana kuwapo kwa kitu mahali mahususi, hamna hukana kuwamo kwa kitu ndani, na hakuna hukana kuwako kwa kitu mahali pasipobainishwa.

Maneno haya matatu hayakubaki mahali pamoja. Hapana limekuwa neno la kukataa kwa jumla, kiasi kwamba wazungumzaji wengi hawafikirii tena mahali wanapolitamka. Hamna, katika mazungumzo ya kawaida ya Tanzania, limechukua sehemu kubwa ya kazi ya hakuna, ndiyo maana hamna shida husikika mno. Hakuna ndilo lililodumu katika kazi ya kukana kuwako kwa jambo lolote, popote pale. Usemi tunaouchunguza umejengwa juu ya neno linaloacha mahali wazi, na uwazi huo ulikuja kuurahisishia kutumika katika mazingira mbalimbali.

2.2 Matata

Nomino matata iko katika ngeli ya YA-, nayo hutumika zaidi katika umbo hili la wingi: matata yamezuka, matata yameisha. Mzizi wake ni -tata, na familia yake katika Kiswahili ni kubwa. Tuna tatana (nyuzi zimetatana), tatanisha, tatiza, tatizo na utata. Tuna pia tatua, ambamo kiambishi -u- cha utenduzi hufanya kazi ileile inayofanywa katika jozi kama funga na fungua au ziba na zibua. Kwa hiyo, Mswahili anapotatua tatizo, lugha yake inamwambia kwamba anafungua kilichofungamana. Taswira iliyo chini ya familia yote ni ya uzi uliosokotana, ambao ncha yake haionekani.

Hata hivyo, wanafamilia hawa wamegawana kazi. Tatizo ni jambo linalohitaji ufumbuzi, na mtu anaweza kuwa na tatizo akiwa peke yake chumbani. Utata ni hali ya jambo kutoeleweka wazi, na wanaisimu tunalitumia kwa neno au sentensi yenye maana zaidi ya moja. Matata, kwa upande wake, yana harufu ya watu, yaani ugomvi, fujo, vurugu na usumbufu. Mtu mwenye matata ni mkorofi, na kikao kilichoingia matata ni kile ambacho wajumbe wake wamegombana. Kwa mujibu wa maana hii, anayesema hakuna matata anakana zaidi kuwapo kwa vurumai na mgogoro kuliko kuwapo kwa ugumu wa maisha. Tafsiri inayolinganisha matata na matatizo ya kila namna ni pana mno.

Neno hili halikuanza na watalii. Linasikika sana katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, na Kilingala nacho kina neno matata lenye maana ya ugomvi na shida. Hata katika majina ya watu limo: waziri mkuu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuanzia mwaka 2012 hadi 2016 alikuwa Augustin Matata Ponyo. Kamusi zetu za Kiswahili Sanifu nazo huliorodhesha. Dai la kwamba neno hili si la Kiswahili halina msingi.

3.0 Je, Hakuna Matata ni Nahau?

Katika mapokeo ya ufundishaji wa semi, nahau huelezwa kuwa fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yanayoliunda. Kuvunjika moyo si kupasuka kwa kiungo cha mwili, na kupiga chuku hakuhitaji fimbo. Kwa kigezo hiki hakuna matata si nahau, kwa kuwa anayejua hakuna na anayejua matata anajua maana ya jumla.

Kigezo cha pili ni ufungamani wa umbo, yaani kiasi ambacho usemi unakataa kubadilishwa. Tuangalie mifano ifuatayo:

(2) a. Hakuna matata.
b. Jana hakukuwa na matata.
c. Hakuna matata makubwa.
d. Matata hayapo.

Sentensi zote nne ni sahihi kisarufi. Hata hivyo, (2a) pekee ndiyo inayoweza kusimama kama jibu kwa mtu aliyetuomba radhi au aliyeomba kupita. Tukibadili wakati kama katika (2b), tukiongeza kivumishi kama katika (2c), au tukigeuza mpangilio kama katika (2d), sentensi inabaki na maana yake ya msingi lakini inapoteza kazi ya kumtuliza msikilizaji. Inakuwa taarifa tu.

Hali hii inatuonesha kuwa tunashughulika na fomula ya mazungumzo, yaani sentensi ya kawaida iliyoganda kwa sababu ya kutumiwa mara kwa mara katika tendo moja la kijamii. Fomula za aina hii ni nyingi katika Kiswahili, kwa mfano si neno, hakuna taabu, hamna shida, haina neno na, kwa vijana, haina noma. Zote hutumia kikanushi kukana kuwapo kwa jambo zito. Katika orodha hii, hakuna matata ni mwanafamilia mmoja tu, tena si yule anayeitwa mara nyingi zaidi nyumbani.

4.0 Kukana Shida Kama Adabu

Kwa nini fomula hizi zote ni kanushi? Jibu linapatikana katika mfumo mzima wa maamkizi ya Kiswahili. Tunapoulizana hujambo na kujibu sijambo, tunaulizana kwa umbo la kikanushi kama mwenzetu ana jambo, naye anakana kuwa nalo. Hali njema katika adabu ya Kiswahili huelezwa mara nyingi kwa kutaja kutokuwapo kwa baya.

Lakini ukanushi huu hauchukuliwi na yeyote kuwa ukweli kamili. Tazama mfano wa (3):

(3) A: Hujambo, shemeji?
B: Sijambo. Ila mtoto tangu juzi ana homa.
A: Ala! Pole sana.

Hakuna anayemwona B kuwa amejipinga. Sijambo yake ilifungua mlango wa mazungumzo, na habari yenyewe imefuata. Vivyo hivyo, mwenye duka anayemwambia mteja hamna shida, utaleta kesho hajafuta deni. Amemwondolea mwenzake aibu ya kuomba, na daftari bado linalo jina lake.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. La kwanza, fomula hizi husemwa kwa ajili ya mwingine. Ni msemaji anayempunguzia msikilizaji wasiwasi, na mara nyingi shida inayokanwa ni ile ambayo msikilizaji anahofia kuwa ameisababisha. La pili, fomula hizi zina mipaka. Hazitumiki pale ambapo aliyeumia ni msikilizaji mwenyewe. Aliyenikanyaga nitamwambia hamna shida, lakini aliyekanyagwa na mimi sina haki ya kumwambia hivyo. Kosa la mwanafunzi wa mfano (1) liko hapa. Alikana shida isiyokuwa yake, mbele ya mwenye shida.

5.0 Safari ya Usemi

5.1 Kutoka jukwaani hotelini

Usemi huu ulipata mbawa mwaka 1982, wakati kundi la Them Mushrooms la pwani ya Kenya lilipotoa wimbo Jambo Bwana, uliotungwa na kiongozi wake Teddy Kalanda Harrison. Kundi hili lilikuwa likiwatumbuiza wageni katika hoteli za kitalii, na wimbo wenyewe ulitungwa kwa mgeni asiyejua lugha: maneno machache, yanayorudiwarudiwa, yaliyopangwa kwa mfuatano wa salamu, kujuliana hali, kumkaribisha mgeni na kumhakikishia usalama.

Hapa ndipo tunapoona kazi ya mtunzi. Kati ya fomula nyingi zilizokuwapo, alichagua moja. Hatuhitaji kukisia alichowaza ili kuona kwa nini uchaguzi huo ulifaa. Hakuna matata lina silabi sita za wazi, nne kati yake zikifuatana kwa irabu ileile ya a, na konsonanti zake hazimsumbui mgeni yeyote. Linganisha na usiwe na wasiwasi. Zaidi ya hayo, ndani ya wimbo usemi ulibaki na kazi yake ya Kiswahili: mwenyeji anamwambia mgeni kuwa hapa hatasumbuliwa. Maana ya matata kama fujo na usumbufu inakaa vizuri katika kinywa cha mwenyeji.

Wimbo huo ulirudiwa na wengi. Mwaka 1983 kundi la Boney M, lililokuwa na makao Ujerumani, lilitoa toleo lililoitwa Jambo – Hakuna Matata. Usemi uliokuwa ndani ya wimbo sasa ulipanda hadi kwenye jina lake.

5.2 Katika filamu

Mwaka 1994 kampuni ya Walt Disney ilitoa filamu ya katuni The Lion King. Baadhi ya waandaaji wake walikuwa wamesafiri nchini Kenya wakati wa maandalizi, na filamu imechota majina mengi kutoka Kiswahili, yakiwamo Simba, Rafiki, Sarabi, Shenzi na Pumbaa. Mojawapo ya nyimbo zake, muziki ukiwa wa Elton John na maneno ya Tim Rice, iliitwa Hakuna Matata. Wimbo huo uliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar pamoja na nyingine mbili za filamu hiyohiyo, na mwaka 2004 Taasisi ya Filamu ya Marekani iliuweka katika nafasi ya 99 kwenye orodha yake ya nyimbo 100 bora za filamu.

Tukipanga majina haya kwa mfuatano, mabadiliko yanaonekana waziwazi: Jambo Bwana (1982), Jambo – Hakuna Matata (1983), Hakuna Matata (1994). Salamu imedondoka, na pamoja nayo amedondoka yule anayesalimiwa. Usemi umebaki peke yake.

Mabadiliko ya umbo yameambatana na mabadiliko ya maana. Katika filamu, mwanasimba anayeamini kuwa amesababisha kifo cha baba yake anakimbilia porini, anakutana na Timon na Pumbaa, na wao wanamfundisha hakuna matata kama falsafa ya kuishi bila kujali yaliyopita. Haliwi tena jibu kwa mtu aliyeomba radhi. Limekuwa kanuni ambayo mtu anajiambia mwenyewe. Kisarufi, limepata sifa za nomino, kiasi kwamba mtu anaweza kusema hakuna matata ndiyo falsafa yao, jambo ambalo ni vigumu kulifanya kwa si neno au hamna taabu.

Msikilizaji anayejua Kiswahili hupata hapa ladha ambayo wengine hawaipati, kwa kuwa mmoja wa walimu wa falsafa hii anaitwa Pumbaa, na kupumbaa ni kuduwaa, kuwa kama mtu aliyepotewa na akili kwa muda. Na filamu yenyewe haimalizikii kwenye falsafa hiyo. Simba anarudi nyumbani kukabili wajibu alioukimbia. Wanaoilaumu filamu kwa kuhubiri uzembe, na wale wanaovaa usemi huu kifuani kama hekima yake kuu, wote wamesahau nusu ya pili ya hadithi.

5.3 Katika daftari la alama za biashara

Disney iliomba kusajili usemi huu kuwa alama ya biashara nchini Marekani mwaka 1994, na usajili ukakamilika mwaka 2003 kwa ajili ya mavazi. Jambo hili lilikaa kimya hadi mwishoni mwa mwaka 2018, ambapo mwanaharakati mmoja kutoka Zimbabwe alianzisha ombi mtandaoni la kutaka usajili huo ufutwe. Ombi lilipata saini zaidi ya 100,000.

Ni vema kutenganisha mambo mawili. Kisheria, alama ya biashara haimzuii mtu kusema, kuandika wala kuimba maneno husika. Inahusu matumizi ya maneno hayo kutambulisha bidhaa za aina fulani sokoni. Hofu kwamba Waswahili wangetozwa ada kwa kuzungumza haikuwa na msingi. Kimaadili, hata hivyo, swali lililoulizwa lilikuwa halali: je, ni sawa kwa sentensi inayotumiwa na umma wa watu kuandikishwa kwa jina la kampuni moja, hata kama ni kwa fulana tu?

Mwanaisimu ana la kuongeza katika mjadala huu, kwa sababu pande zote mbili zilikosea kuhusu asili. Upande mmoja ulichukulia usemi huu kama zao la filamu, ilhali ulikuwa umeimbwa na kurekodiwa miaka 12 kabla. Upande wa pili ulielekea kuuzungumzia kama hekima ya kale ya mababu, ilhali si methali, na hadhi yake kama kaulimbiu ni ya juzi tu. Katika masimulizi yote mawili anakosekana mtu mmoja, naye ni mwanamuziki wa hotelini, aliyeichukua sentensi ya kila siku na kuipa sauti iliyoivusha bahari.

6.0 Usemi Unaporudi Nyumbani

Leo usemi huu unasomeka kwenye fulana, vinyago na magari ya watalii kuanzia Mombasa hadi Zanzibar na Arusha. Mwongoza watalii anaposema hakuna matata kwa mgeni na dakika moja baadaye akamwambia dereva mwenzake hamna shida, hajakosea mara ya kwanza na kusahihisha mara ya pili. Anachagua rejista kwa kumtazama anayezungumza naye, kama anavyosema jambo kwa mgeni na mambo vipi kwa mwenzake.

Wakati huohuo, neno matata lenyewe halikukaa likisubiri. Katika lugha ya vijana wa Kenya na Tanzania, gari matata ni gari zuri la kuvutia, na wimbo matata ni wimbo uliotia fora. Neno limefuata njia ya maneno kama kali, balaa na hatari, ambayo yametoka kwenye maana ya ubaya na kuingia kwenye sifa. Kwa kijana wa leo, sherehe isiyo na matata inaweza kuwa sherehe iliyopooza. Wakati ulimwengu umeugandisha usemi, wenye lugha wanaendelea kulifinyanga neno.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa hakuna matata ni sentensi ya Kiswahili kwa mofolojia, kwa msamiati na kwa sintaksia. Si nahau kwa kigezo cha maana, bali ni fomula ya mazungumzo inayomtuliza mwingine. Kupitia wimbo wa mwaka 1982 ikawa kauli ya mwenyeji kwa mgeni. Kupitia filamu ya mwaka 1994 ikawa jina la mtazamo wa maisha. Na mwaka 2003 ikawa alama iliyosajiliwa. Katika kila hatua umbo lilibaki vilevile, huku uhusiano wa msemaji na msikilizaji ukififia.

Kwa mwalimu wa Kiswahili kwa wageni, matokeo ya uchunguzi huu ni ya moja kwa moja. Mwanafunzi anayekuja na hakuna matata asivunjwe moyo kwa kuambiwa kuwa amejifunza kitu ambacho si Kiswahili. Amekuja na sentensi halali. Afundishwe fomula zilizo jirani yake, yaani hamna shida, si neno na hakuna taabu, na aoneshwe ni nani mwenye haki ya kukana shida, kwa nani, na wakati gani. Kabla ya hayo yote afundishwe pole. Mama wa mfano (1) alielewa kila neno aliloambiwa, lakini bado alikuwa akilingoja neno hilo moja.